Ajali zimepungua kutoka nne hadi moja, lakini bandeji zinaisha kwa kasi ileile: mpango wetu wa usalama nitaupimaje?

Mkaguzi Mpya

Ndugu wanajukwaa, nimekabidhiwa ofisi ya usalama na afya katika kiwanda chenye wafanyakazi 240 wanaofanya kazi kwa zamu mbili, na kabla sijamaliza hata kuzifahamu mashine zote nimeagizwa niandike ripoti ya kutathmini mpango wa usalama ulioanza mwanzoni mwa mwaka jana. Mpango wenyewe una sehemu nne: mafunzo kwa kila mfanyakazi, ugawaji wa vifaa kinga, ukaguzi wa kila mwezi unaofanywa kwa fomu yenye vipengele 60, na bonasi inayolipwa kwa idara nzima ikimaliza robo mwaka bila ajali iliyomfanya mtu akose kazi. Langoni umetundikwa ubao unaohesabu siku zilizopita tangu ajali ya mwisho.

Mwaka uliotangulia mpango, ajali za kumkosesha mtu kazi zilikuwa nne, na mwaka jana ilikuwa moja tu. Menejimenti imeridhika, na nimedokezwa kwamba ripoti inayotarajiwa ni ya kurasa mbili zenye mchoro mmoja unaoshuka.

Kinachonisumbua ni kisanduku cha huduma ya kwanza. Nimepitia hati za stoo na kukuta kwamba bandeji, plasta na dawa ya kusafishia vidonda vinaagizwa kwa kiasi kilekile cha miaka iliyopita, ilhali kitabu cha kuandikia majeraha kina kurasa tupu tangu bonasi ilipoanza kulipwa. Fomu za ukaguzi nazo zote zina alama ya vema katika kila kipengele, na mbili kati yake zina tarehe ambazo kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Naomba mnisaidie katika mambo matatu. Je, kupungua kwa ajali kutoka nne hadi moja kunathibitisha chochote? Kama hakuthibitishi, nipime nini badala yake? Na bonasi hii niishauri ifutwe, au kuna namna ya kuirekebisha? Niongeze kwamba aliyeuanzisha mpango huu ndiye aliyenitangulia katika ofisi hii, na sasa amepandishwa cheo na kuwa mkuu wangu.

Karani wa Takwimu

Nitajibu swali la kwanza tu, kwa kuwa ndilo ninaloliweza.

Wafanyakazi 240 wakifanya kazi saa 2,000 kwa mwaka kila mmoja, mnapata saa 480,000. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni idadi ya ajali kwa kila saa milioni moja za kazi, kwa hiyo ajali nne zinawapa kiwango cha 8.3 na ajali moja inawapa 2.1. Marekani hutumia saa 200,000, yaani wafanyakazi 100 kwa saa 40 za wiki katika wiki 50, na kwa kipimo hicho mngekuwa mmetoka 1.67 hadi 0.42. Nimeyataja yote mawili kwa sababu nimeona ripoti iliyolinganisha kiwanda kimoja kwa msingi wa saa milioni na kingine kwa msingi wa 200,000, kisha ikakipongeza hicho cha pili.

Sasa tuje kwenye kiini. Mna ajali tano katika miaka miwili yenye saa za kazi zinazolingana. Tuchukulie kwamba mpango haukubadilisha lolote, na kwamba kila moja ya ajali hizo tano ingeweza kuangukia mwaka wowote kati ya hiyo miwili, kama sarafu inavyoweza kuangukia upande wowote. Ukirusha sarafu mara tano kuna matokeo 32 yanayowezekana, na katika 6 kati ya hayo mwaka wa pili unapata ajali moja au hakuna kabisa. Hiyo ni karibu mara moja katika kila tano, bila mpango, bila mafunzo, bila bonasi. Mtu anayejenga hoja yake juu ya tofauti ambayo bahati peke yake inaweza kuileta kwa wepisi huo asishangae mwaka ujao mchoro ukipanda tena.

Hata mngepata sifuri, tahadhari ingebaki. Tukio lisipoonekana hata mara moja katika kipindi fulani, kanuni ya haraka ni kwamba kiwango chake halisi bado kinaweza kufika matukio matatu kwa kipindi hicho. Kwenu sifuri ya mwaka mmoja ingekubaliana na kiwango chochote kuanzia 0 hadi karibu 6.3 kwa saa milioni. Idadi ya ajali katika kiwanda cha ukubwa wenu ni ndogo mno kuutathmini mpango, na hapo nimechukulia kwamba ajali zote ziliandikwa, jambo ambalo bandeji zako zinalikanusha.

Fundi Mkongwe

Ndugu mleta mada, karani amekuonyesha kwamba namba yako haisemi mengi. Mimi nakwenda mbele zaidi na kusema kwamba hata ingesema, ingekuwa inajibu swali jingine.

Tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani kililipuka, wakafa watu 15 na wengine 180 wakajeruhiwa. Jopo huru lililoundwa baadaye lilitoa ripoti yake Januari 2007, na moja ya mambo liliyoyaeleza ni kwamba kampuni ilichukua kupungua kwa majeraha ya mtu mmojammoja kama ishara kwamba usalama wa mitambo yake nao uko sawa. Miaka mitano baada ya mlipuko huo, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Siku hiyohiyo walikuwamo humo viongozi waliokuja, pamoja na mambo mengine, kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumkosesha mtu kazi. Pongezi hizo hazikuwa za uongo, kwa kuwa mikono na vidole vilikuwa vimelindwa kweli. Tatizo ni kwamba kinachokata kidole na kinacholipua mtambo havina chanzo kimoja, na kukihesabu cha kwanza hakukupi habari za cha pili.

Kwa hiyo, kabla hujapima matokeo, upime mpango wenyewe ulivyoundwa. Wote tuliosomea kazi hii tunazijua ngazi tano za udhibiti: kukiondoa kihatarishi kabisa, kukibadilisha kwa kitu chenye madhara madogo zaidi, kukitenga na mtu kwa njia za kihandisi, kuweka taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa kumvisha mtu vifaa kinga. Soma tena sehemu nne za mpango wenu ulivyozieleza. Mafunzo yako ngazi ya nne, vifaa kinga viko ngazi ya tano, ukaguzi unaangalia kama hayo mawili yanafanyika, na bonasi haipo kwenye ngazi yoyote. Sijaona mahali ambapo mashine imebadilishwa, kemikali imeachwa, au kelele imefungiwa ndani ya kibanda chake. Mpango wa namna hiyo unamtaka binadamu awe makini kila dakika ya zamu yake, na binadamu hawezi. Hilo peke yake linatosha kuwa ukurasa wa kwanza wa ripoti yako, nawe unaweza kuliandika bila kumlaumu mtu, kwa kuwa unachokizungumzia ni kilichobaki kufanywa.

Baada ya hapo nenda kwenye karakana. Orodhesha mambo matano au sita yanayoweza kuua au kumlemaza mtu mahali hapo, hata kama hayajawahi kutokea: mashine inayowaka mtu akiwa ndani yake, kuanguka kutoka juu, gari la kunyanyulia mizigo kumgonga mtembea kwa miguu, kuingia kwenye tangi lisilo na hewa ya kutosha, na kadhalika. Kwa kila moja, andika vitu vinavyolizuia lisitokee, kisha kavitazame vikiwa kazini. Sisemi uulize kama vipo, nasema uvitazame. Kama kinga ya mashine ya kukata inatakiwa iwepo, ziangalie mashine zote mchana, kisha rudi saa nane usiku msimamizi akiwa amechoka na oda ikiwa imechelewa, uhesabu ni ngapi bado zina kinga zake. Ukikuta sita kati ya kumi, hiyo ni namba isiyohitaji kusubiri mtu aumie ndipo uipate, na mwezi ujao inaweza kuhesabiwa tena kwa njia ileile.

Ukikuta kinga imetolewa, usikimbilie kuandika barua ya onyo. Niliwahi kusimamia matengenezo mahali ambapo kinga moja ilikuwa inafunguliwa kila siku na kila mtu aliyegusa mashine ile, na kwa miezi mingi tulikuwa tunawakemea. Siku niliyokaa na mwendeshaji kwa zamu nzima nikaona kwamba mabaki yanajisokota chini ya kinga kila baada ya dakika ishirini hivi, na kuifungua kulihitaji spana na boli nne. Tulitengeneza kinga yenye bawaba na swichi inayozima mashine kinga ikifunguliwa, na ubishi ukaisha.

Mafunzo nayo yapime kwa vitendo. Kwenye karatasi mafunzo yenu huenda ni asilimia 100. Mchague fundi mmoja na umwombe akuonyeshe, bila kumwonya mapema, anavyoizima mashine kabla ya kuitengeneza: anakata umeme wapi, kufuli lake liko wapi, ufunguo anao nani, anautoaje upepo uliobaki kwenye mabomba, na kama anajaribu kuwasha ili ahakikishe kwamba kweli imekufa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo niliyoikuta imesahaulika mara nyingi kuliko zote, hata kwa watu wenye vyeti.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: chukua mapungufu yote yaliyowahi kuandikwa katika ukaguzi au uchunguzi wa ajali, uone mangapi yalirekebishwa, kwa muda gani, na kwa ngazi ipi kati ya zile tano. Ajali zako tano zote zikiwa zimefungwa kwa maneno “mhusika amekumbushwa kuwa makini”, utakuwa umeshajua kwamba hapo hakuna aliyechunguza.

Mjumbe wa Kamati

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati ya usalama na afya, si hapo kwenu, lakini habari ya bandeji naifahamu vizuri mno.

Tulikuwa na bonasi kama hiyo. Mwenzetu alivunjika kidole zikiwa zimebaki siku tisa robo mwaka iishe. Hakuna kiongozi aliyemkataza kutoa taarifa. Tulimwomba sisi wenyewe, wenzake, kwa kuwa fedha ilikuwa ya watu zaidi ya thelathini na wengine walikuwa wameshaipangia matumizi. Alikuja kazini akakalishwa ofisini kwenye kiti, akipanga karatasi kwa mkono mmoja, na kwenye hesabu siku ile ikawa siku ya kazi kama nyingine. Naona aibu kulisimulia hili, lakini nalisimulia ili ujue kwamba unapoona kurasa tupu usidhani kuna njama kutoka juu. Bonasi ya idara inamgeuza kila mfanyakazi kuwa mlinzi wa ukimya wa mwenzake.

Ushauri wangu ni kwamba fedha ile msiifute ghafla, kwa sababu watu watasema ofisa mpya amekuja kuwanyang'anya, na utakuwa umepoteza masikio yao kabla hujaanza kuwasikiliza. Ibadilishieni masharti. Sisi tuliihamishia kwenye mambo yaliyo mikononi mwa idara yenyewe, kama vile mapungufu waliyoyaibua yakarekebishwa, na ukaguzi wa pamoja kati ya msimamizi na mwakilishi wa wafanyakazi. Ubao wa langoni tuliuacha, ila sasa unaonyesha tatizo lililoripotiwa, tarehe liliporipotiwa na tarehe lilipomalizwa. Safu hiyo ya tatu ikikaa tupu kwa majuma mawili, wakuu huulizwa na kila anayepita.

Upande wa haki, una pa kusimamia. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi, na kwamba aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake alindwe dhidi ya madhara yasiyo ya haki. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa usalama na afya kazini, ISO 45001 cha mwaka 2018, nacho kinautaka uongozi uwalinde wanaotoa taarifa za matukio na vihatarishi wasilipiziwe kisasi. Katika tathmini yako jiulize jambo moja linalopimika: mtu wa mwisho aliyesimamisha kazi kwa sababu za usalama ni nani, na alifanywa nini? Kama hakuna hata mmoja aliyewahi kusimamisha, hilo nalo ni jibu.

Msimamizi wa Uzalishaji

Naomba nipinge kidogo, kwa heshima zote kwa waliotangulia.

Kwanza, wakuu wanaosoma ripoti kumi kwa siku wanahitaji namba, na ukiwapelekea insha hawataisoma. Pili, hivi viashiria vya mapema mnavyovisifu, yaani vipimo visivyosubiri mtu aumie, navyo huchakachuliwa kama ajali zinavyofichwa. Niliwahi kuagiza kila idara iniletee taarifa tano kwa mwezi za matukio ya nusura ajali, yaani yale ambayo yangeweza kuumiza lakini hayakuumiza. Nililetewa tano, si nne wala si sita, kila mwezi kwa mwaka mzima, na nyingi zilisema sakafu ilikuwa na maji. Mwandishi wa fomu zako zenye alama za vema na waandishi wangu wa sakafu yenye maji ni watu wa aina moja, na waliotengeneza aina hiyo ni sisi tulioagiza idadi.

Hata hivyo ile hesabu ya Fundi ya kinga za usiku ningeikubali mezani kwangu, kwa sababu ni namba na ni ngumu kuidanganya mtu akiwa amesimama mbele ya mashine. Tahadhari moja: ukianza kupokea taarifa za kweli, majeraha yaliyoandikwa yataongezeka. Waambie wakuu wako hilo sasa, kwa maandishi, kabla halijatokea. Ukisubiri litokee ndipo ueleze, itaonekana unajitetea.

Muuguzi wa Kiwanda

Nimesoma yote, na hakuna aliyegusa neno “afya” ambalo limo katika jina la ofisi yako. Kelele hazimkoseshi mtu kazi hata siku moja. Zinamnyang'anya uwezo wa kusikia polepole kwa miaka. Vumbi laini la mawe au mchanga huingia mapafuni na ugonjwa hujitokeza baadaye sana, mara nyingine mtu akiwa ameshastaafu. Madhara ya asbesto yanaweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kuonekana. Kwa maradhi ya aina hii hesabu ya matukio haina maana, kwa kuwa unachokihesabu leo ni makosa ya uongozi uliokwishaondoka.

Pima mtu anachokutana nacho kazini. Kwa kelele, kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa wastani wa saa nane, na kila desibeli tatu zinazoongezeka nishati ya sauti inakuwa maradufu, hivyo kwa kanuni hiyo desibeli 88 zinamaliza kiasi cha siku nzima kwa saa nne. Kama hamna kifaa cha kupimia, dalili rahisi ni kwamba mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane mkiwa umbali wa mita moja, mahali hapo panastahili kupimwa. Kisha linganisha vipimo vya usikivu vya mfanyakazi yuleyule mwaka hadi mwaka, vikitunzwa kwa siri ya kitabibu, na menejimenti ipewe jumla tu bila majina.

Na hicho kitabu cha majeraha, kiko wapi? Kama kiko mezani kwa msimamizi wa zamu, kihamishe.

Mkaguzi Mpya

Nawashukuru sana. Kitabu kilikuwa mezani kwa msimamizi wa zamu.

Nimefanya hesabu aliyoielekeza Fundi. Tuna mashine 11 za kukata. Mchana nilikuta kinga zimefungwa sawasawa kwenye 7, na saa nane usiku kwenye 4. Waendeshaji wawili walinieleza wenyewe kwamba kinga zinatolewa kwa sababu taa iliyo juu ya mashine hizo inatupa kivuli cha kinga juu ya mstari wa kukatia, jambo ambalo fomu ya vipengele 60 haina mahali pa kuliandika. Mafundi watatu niliowaomba wanionyeshe namna ya kuzima mashine kabla ya matengenezo, mmoja tu ndiye aliyejaribu kuiwasha baada ya kufunga kufuli.

Nilimpelekea mkuu wangu namba hizo kabla ya kuandika chochote, nikaambatisha na onyo la Msimamizi kwamba majeraha yaliyoandikwa yataongezeka. Alikaa kimya kwa muda, akauliza kama nina hakika na ile hesabu ya usiku, kisha akasema tutakwenda wote Alhamisi. Suala la bonasi amelipeleka kwenye kamati, wawakilishi wa wafanyakazi wakiwemo. Kampuni ya kupima kelele bado tunaitafuta.

Kitabu cha majeraha sasa kiko kwenye chumba cha huduma ya kwanza. Kina siku sita pale, na kimeandikwa majeraha saba.